Neno la Kufungulia Bondeni

1

Subilaga Mwakalinga alipoingia Chumba cha Neno alikuta migongo. Wajumbe wote wa baraza walikuwa wamesimama wakiukabili ukuta, pua zao karibu ziguse rangi, watu wazima na heshima zao wakiwa wamejipanga kama wanafunzi waliochelewa shule. Katikati ya chumba Mama Atuganile alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, vidole vyake juu ya kibodi. Subilaga hakusubiri kuambiwa. Naye aligeuka, akautazama ukuta, masizi yakiwa bado mikononi.

Ndivyo walivyolelewa Lwamba. Mshika Neno anapochapa neno la siri la mtambo, hakuna jicho linaloruhusiwa kumwelekea, hata la mwenyekiti, hata la fundi aliyeitwa mbiombio. Mtoto wa Lwamba hujifunza kugeuka kabla hajajifunza kusoma, na wapo wazee ambao hugeuka hata wakisikia mtu anachapa barua ya posa.

Vitufe vililia kidogo, vikanyamaza. Kisha kompyuta ikatoa mlio mmoja mkavu, ule wa kukataa. Mama Atuganile akabonyeza kitufe cha kusafisha skrini, kama alivyofundishwa na Mshika Neno aliyemtangulia, ndipo akasema, "Geukeni."

Wakageuka. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kukataliwa. Mwenyekiti Gwamaka, bonge la mtu mwenye tabia ya kujifuta jasho hata mahali palipo na baridi, alimshika Subilaga mkono akamweleza yote kwa haraka, mengi yakiwa ni mambo ambayo Subilaga mwenyewe ndiye aliyeyaripoti asubuhi.

Moto ulikuwa umeshika ndani ya mfereji wa nyaya unaopita chini ya mtaa wa Bondeni. Lwamba ni mji uliochimbwa tumboni mwa mlima, kwa kuwa huko juu jua lilikwisha kuwakatalia binadamu, na kila pumzi inayovutwa humo inasukumwa na mtambo mmoja. Mtambo ulipohisi moshi ulifanya ulichoundwa kufanya. Ulishusha milango ya chuma ya Bondeni, ukakata hewa inayokwenda huko, na hapo ukakaa ukisubiri amri. Watu wa Bondeni walibaki ndani, wazima, na hewa ile waliyokuwa nayo. Milango hiyo haifunguki kwa nguvu wala kwa msumeno. Inafunguka kwa amri ya mtumiaji mkuu, na mtumiaji mkuu anapatikana kwa neno moja, na neno liko kichwani mwa mtu mmoja.

Baraza lilikuwa limekaa, likasikiliza taarifa ya fundi kuhusu joto la mferejini, likapiga kura. Kura ilisema fungueni. Hakuna aliyeinua mkono kupinga, maana nje ya mlango wa baraza walikuwa wamekaa sakafuni ndugu wa watu wa Bondeni, na mjumbe akitoka ni lazima apite katikati yao. Kwa hiyo uamuzi ulikuwepo, neno lilikuwepo, na Mshika Neno alikuwepo. Kilichokosekana ni mtambo kukubali.

"Sasa mtambo umesahau," Gwamaka akasema. "Ukumbushe, mwanangu. Dada yako yuko humo, sina haja ya kukuhimiza."

Hakuwa na haja, kweli. Bupe, mdogo wake Subilaga, alikuwa akilima uyoga Bondeni, na tangu milango iteremke Subilaga alikuwa amefanya kazi bila kufikiri jina hilo hata mara moja, kwa sababu alijua akilifikiri mikono yake itaacha kumtii.

2

Hapa inabidi kusema jambo la aibu kidogo kuhusu Lwamba. Mji huu, pamoja na milango yake ya chuma na baraza lake la watu wanaokohoa kabla ya kusema, ulikuwa ukipumua kupitia programu ya kuandikia barua.

Waanzilishi walikuwa wameacha vituo halisi vya kuuamrisha mtambo, vingi tu, lakini vyote vilikufa kimoja baada ya kingine kwa unyevu. Kilichobaki ni kompyuta ya karani wa baraza, na ndani yake programu ya kuandikia, kongwe, iliyotungwa ng'ambo na watu ambao mifupa yao haijulikani ilipo. Bahati ni kwamba watungaji wake walikuwa watu wa ajabu. Ndani ya programu ya kuandika waliweka dirisha linaloigiza kituo, ambamo unaweza kuchapa amri na mtambo ukadhani unaongea na kituo cha kweli. Karani wa wakati ule aligundua hilo, mji ukashukuru, na tangu siku hiyo dirisha hilo halikufungwa, kwa hofu tu kwamba likifungwa halitafunguka tena.

Subilaga alivuta kiti. Alianza na maswali ya kijinga, kwa kuwa hitilafu nyingi ni za kijinga. Alimuuliza Mama Atuganile kama kitufe cha herufi kubwa hakikuwa kimebaki chini. Mama akajibu kwamba amekuwa akichapa neno hilo tangu Subilaga ananyonya, na kitufe anakijua. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka sasa, yote mawili meupe, na hakuhitaji skrini wala taa. Vidole vyake vilitosha.

Fundi akajaribu amri ya *ingia*. Jibu likaja papo hapo kwamba amri hiyo haiwezi kuitwa kutoka humo. Wajumbe walioinama nyuma yake wakavuta pumzi, na Gwamaka akasema basi, mtambo umekufa. Subilaga akamtuliza. Hiyo haikuwa hitilafu. Amri ya kuingia ni ya mtu aliye mlangoni, na dirisha hili tayari liko ndani. Huwezi kubisha hodi ukiwa umekaa sebuleni.

Akajaribu kuomba idhini kwa jina lake mwenyewe, afungue Bondeni kwa mamlaka ya kuazima. Skrini ikamjibu kwamba Subilaga hayumo kwenye orodha ya wenye idhini, na kwamba tukio hilo litaripotiwa.

Mjumbe mmoja aliuliza linaripotiwa kwa nani. Subilaga akasema kwa mtumiaji mkuu, yaani kwa Mama hapa. Mama Atuganile akasema amepokea ripoti. Mtu mmoja alikaribia kucheka, akakumbuka walipo.

Ilibaki njia moja, ile ile aliyokuwa akiitumia Mshika Neno siku zote. Unachapa *kuwa mkuu*, mtambo unauliza neno la siri, unalitoa, unakuwa mkuu. Subilaga alitaka kujua kama mtambo bado unaweza kupima neno lolote, au sehemu hiyo ya akili yake imeharibika. Kipimo chake kilikuwa chepesi. Angejaribu kuwa yeye mwenyewe. Angechapa *kuwa subilaga*, angetoa neno lake la siri analolitumia kusomea vipimo, na kuona kama linakubaliwa. Akawaambia anataka kuchapa neno lake.

Wote wakageukia ukuta. Mama Atuganile naye aliinuka, akapapasa hadi ukutani, akageuka. Desturi haikumbagua fundi wala haikumbagua Mshika Neno.

Subilaga akachapa. Na alipokuwa akichapa, neno lake likatokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, jeupe na wazi. Lilikuwa jina la mwanamume ambaye siye aliyemuoa, na kitu cha kwanza alichokifanya fundi mkuu wa Lwamba ni kuliziba kwa kiganja. Halafu akakumbuka kwamba hakuna anayetazama. Akabonyeza kitufe, mtambo ukamkaribisha. Neno lilikubaliwa.

Alikaa akiitazama skrini. Neno la siri halipaswi kuonekana. Programu hii inajua kuficha, aliwahi kusoma maelezo yake: inaposoma swali fulani inaelewa kwamba kinachofuata ni siri, na inakula herufi zisionekane. Lakini swali inalolijua ni la lugha ya watungaji wake. Waanzilishi wa Lwamba, kwa kiburi chao kizuri, walifasiri kila kitu cha mtambo kiwe Kiswahili, maswali na majibu na amri, na mtambo ukawa unauliza, *Neno la siri*. Programu ya kuandikia hawakuigusa. Wakati wao ilikuwa ya barua tu, na vituo halisi vilificha vyenyewe. Kwa hiyo dirisha hili lilikuwa likiliona swali la Kiswahili na kuliona kama sentensi yoyote nyingine, na jibu lake likaliacha wazi, likalihifadhi pamoja na maandishi mengine, kama linavyohifadhi kila kitu.

Na hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu mji mzima ulikuwa umefundishwa kutazama ukuta, na mtu pekee aliyekuwa akiitazama skrini alikuwa haoni. Kile kitufe cha kusafisha hakikusafisha chochote. Kilisukuma maandishi juu tu.

Subilaga akapandisha maandishi taratibu. Alijiambia kwamba anatafuta hitilafu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

*Neno la siri: nisameheni*

*Imekataliwa.*

Juu yake tena ni vivyo hivyo. Na juu yake tena. Mara zote tatu neno lilikuwa hilo, limechapwa bila kosa hata la herufi moja.

Akapanda zaidi, akapita orodha ndefu za vipimo vya hewa, akafika kwenye ukaguzi wa mwezi uliopita.

*Neno la siri: magimbi na chumvi*

*Karibu, mkuu.*

Na mwezi wa kabla yake ni magimbi na chumvi, na wa kabla yake pia. Neno ambalo watu waligeukia ukuta maisha yao yote wasilione lilikuwa chakula cha maskini.

Wajumbe bado walikuwa wamegeuka. Subilaga alishusha maandishi, akasafisha skrini, akawaambia wanaweza kutazama. Kisha akaomba watoke wote, abaki na Mshika Neno peke yake, kwa sababu kipimo kinachofuata kinahitaji neno lenyewe. Gwamaka alisita. Akauliza kama kuna matumaini. Subilaga akamwambia atoke kwanza, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu kilichomfanya yule bonge atii.

3

Mlango ulipofungwa, Subilaga hakupandisha sauti. Nje kulikuwa na watu.

"Mama, hiki kioo kinaonyesha."

"Kinaonyesha nini?"

"Unachokichapa. Kila herufi. Siku zote kimekuwa kinaonyesha."

Mama Atuganile alibaki pale ukutani, mkono mmoja umeegemea. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imeanza, "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi unajua kwamba niliwaomba msamaha."

Hasira aliyoisikia Subilaga wakati huo ilimshangaza mwenyewe. Alitaka kumpiga yule mama, mwanamke aliyemfunda yeye na Bupe siku za harusi zao, aliyewaletea uji walipozaa. Akamwambia kwamba baraza limekwisha amua. Kwamba Mshika Neno ni mshikaji tu, hakupewa neno ili achague nani avute pumzi. Kwamba huko Bondeni kuna watu wamekaa sakafuni wanamngojea yeye, na yeye amekaa hapa anaandika maombi ambayo alidhani hayatasomwa na mtu.

"Ni kweli," Mama akasema. Hakujitetea. Alirudi akipapasa hadi kwenye kiti cha karani, akaketi. "Lile joto la mferejini ulilotuletea asubuhi. Sasa likoje?"

Subilaga hakutaka kujibu, lakini ufundi ni ugonjwa. Mkono wake ulikwisha chapa amri ya kusoma vipimo, maana kusoma kunaruhusiwa kwa kila mtu. "Linashuka."

"Kwa nini linashuka?"

"Moto unakosa hewa."

"Ukiupa?"

Juu ya mfereji ule kulikuwa na ukumbi wa machujio, ambamo hewa ya mji wote husafishwa kabla ya kurudi vifuani mwa watu. Machujio yale yakishika moto hakuna mengine, na aliyejua kuyatengeneza hayupo. Milango ya Bondeni ikifunguliwa sasa, hewa itateremka, itapita mferejini, na moto unaokaribia kufa utaamka. Ikingojwa mpaka mfereji upoe, hewa ya Bondeni itakuwa imekwisha zamani. Haya yote fundi aliyajua tangu asubuhi. Alipopeleka taarifa barazani alitaja joto tu, namba na kipimo chake, akaishia hapo. Sentensi iliyopaswa kufuata hakuisema, kwa sababu ndani yake alikuwemo Bupe.

"Uliwaambia?" Subilaga akauliza hatimaye.

"Niliwaambia yale uliyoyaacha wewe." Mama hakuyasema kwa ukali. "Wakasikia vizuri. Kisha nikawasikia wanageuza viti kutazama mlango, nikajua watapiga kura gani. Siwalaumu. Mwanangu Ipyana yuko humo, nami ningekuwa na haki ya kura ningeinua mkono kama wao."

"Si ungekataa waziwazi?"

"Wangenitoa kwenye kiti, wangeweka mwingine, na neno wangelipata kwangu kabla ya saa sita. Mimi ni mtu mzima, Subilaga, sina ubavu wa kuvumilia maumivu. Lakini mtambo nani ataulazimisha?" Alipangusa yale macho meupe kwa kiganja, ingawa yalikuwa makavu. "Wakijua ni mtambo, watalia. Wakijua ni mimi, watu wa Bondeni watakufa wakinilaani, na kesho ndugu zao watakuja na mapanga, na hawataishia kwangu. Nilitaka walie tu."

Ukweli ni kwamba Subilaga alimchukia zaidi baada ya maelezo hayo kuliko kabla yake. Angekuwa mwovu ingekuwa rahisi.

Mama Atuganile akainuka. "Neno sasa unalo, na vidole unavyo. Sikuzuii. Ukifungua, nitasema nililikosea kwa uzee, wewe ukalisahihisha."

Akatembea hadi ukutani, akauweka uso wake pale, akageuza mgongo.

4

Subilaga alichapa *kuwa mkuu*. Mtambo ukauliza. Akaandika magimbi na chumvi, akiliona kila neno linavyojitokeza mbele yake.

*Karibu, mkuu.*

Akachapa *fungua bondeni*, kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Ilikuwa amri fupi. Kazi yake yote ya ufundi hakuwahi kuandika amri isiyohitaji kuhakikiwa na mtu mwingine, na sasa hakukuwa na mtu mwingine ila mgongo wa mama mmoja mzee.

Simu ya ukutani ikalia.

Aliijua kengele ya Bondeni. Aliinua mkono wa simu akiwa bado na kidole cha mkono mwingine juu ya kibodi, na akasikia sauti ya mdogo wake, nyembamba, yenye pumzi fupi fupi kama ya mtu aliyepanda ngazi.

Bupe alianza na salamu. Aliuliza habari za watoto. Kisha akaeleza kwamba huko wamezima taa zisizo za lazima, wamekaa chini kama walivyofundishwa, na kwaya ilikuwa ikiimba lakini wameiomba inyamaze ili wasimalize hewa. Wengine wameanza kusinzia. Alipowaambia kwamba fundi aliyeitwa ni dada yake, watu walitulia sana. Ndiyo maana amepiga, wamemtuma aulize kimeharibika nini.

Subilaga akasema mtambo unakataa neno.

Alikuwa amesahau nani aliyemfundisha Bupe mambo ya mtambo. Jioni nyingi walizokaa pamoja, yeye akijigamba na mdogo wake akiuliza, zilikuwa zimezaa matunda. Bupe akauliza kama amekiangalia kitufe cha herufi kubwa. Akamjibu ndiyo. Akauliza kama amejaribu amri ya kuingia, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hiyo haifanyi kazi ndani ya dirisha. Akauliza kama ameomba idhini kwa jina lake. Subilaga akasema ameomba, na ameripotiwa, na Bupe akacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Ukajaribu kuwa wewe mwenyewe? Ili uone kama unapima?"

"Nimejaribu."

"Ukakukubali?"

Subilaga hakujibu. Alijaribu kusema hapana. Mdomo wake ulifunguka, neno likakataa kutoka, na simu ikabeba ule ukimya hadi upande wa pili.

Nyuma ya Bupe mtoto alisikika akiulizia maji.

"Dada," Bupe akasema, chini sana sasa, kama aliyefunika simu kwa mwili wake. "Kama umekukubali wewe, mtambo ni mzima."

Subilaga aliibana simu sikioni hadi ikamuuma. Kwenye skrini amri ilikuwa pale pale, imekamilika, inangoja kubonyezwa. Alitaka kuibonyeza. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alijua kwamba akiibonyeza hatafanya hivyo kwa ajili ya watu wa Bondeni wote, wala kwa ajili ya kura ya baraza. Atakuwa anamfungulia mtu mmoja na kuuhatarisha mji mzima kwa ajili yake.

"Bupe."

"Mfereji vipi?"

"Joto linashuka."

"Aa." Ilikuwa sauti ya mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua. "Usiniambie zaidi. Ukiniambia nitakuwa najua, na mimi siwezi kuwatazama watu nikiwa najua. Watu wameketi hapa miguuni pangu, dada."

"Nina amri mkononi. Nimekwisha kuichapa. Sema tu."

Hilo Subilaga alilisema, na hakuna wa kumlaumu, lakini kumtupia mdogo wake mzigo ule lilikuwa jambo baya kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Bupe alilielewa haraka kuliko yeye.

"Usiniulize mimi," akasema. "Watoto wangu wako huko juu kwako. Wako karibu na machujio. Unaniuliza nini?"

Subilaga akalia. Alilia bila sauti, kwa sababu nje kulikuwa na wajumbe na ukutani kulikuwa na Mama Atuganile, ambaye mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika. Akafuta herufi za *fungua bondeni*, moja moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Akachapa *toka*. Mtambo ukamuaga, na mamlaka yakarudi yalikotoka.

"Mimi nitawaambia umeharibika," Bupe akasema. "Nitawaambia fundi anaendelea kutengeneza. Usikate simu."

Hakuifunika vizuri. Subilaga alimsikia akigeuka, akakohoa kusafisha koo, akaipandisha sauti ile ya kuitia watu chakula. Aliwaambia wenzake kwamba mtambo umepata hitilafu kubwa, lakini dada yake yupo kwenye kompyuta tangu asubuhi, hajala, hajapumzika, na hataondoka mpaka milango ifunguke. Aliyasema kwa uhakika kiasi kwamba Subilaga mwenyewe alikaribia kuyaamini. Watu wakanong'ona. Sauti ya mwanamume ikasema kitu kirefu ambacho hakikusikika vizuri, na wengine wakaitikia, wengi kwa pamoja, kwa sauti za watu waliochoka.

Bupe akarudi kwenye simu.

"Wanasema pole na kazi, dada."

Subilaga aliifuta pua kwa mkono wenye masizi. Alijua kinachojibiwa mtu anapopewa pole, alikijua tangu anajifunza kusema, na hakukuwa na namna ya kutokukijibu.

"Asante," akasema. "Waambie nimeshapoa."